Burmakan na Chumba Kisichorudisha Sauti

Burmakan alikuwa na miaka hamsini na sita, na katika miaka yake yote hakuwahi kulitamka jina la mwanawe wa mwisho. Si kwamba hakumpenda. Alimpenda kupita kiasi. Ila kwetu mwanamke akishaolewa hatamki majina ya wakubwa wa ukoo wa mumewe, awe hai awe marehemu. Atazunguka, atatafuta neno jingine, na ulimi ukimponyoka atajiziba mdomo kwa kiganja. Sasa mtoto alipozaliwa, baba mkwe alimnyanyua juu akampa jina la kaka yake mkubwa aliyekwenda vitani asirudi: Toktosun, yaani "na abaki." Wanaume wakafurahi sana kwa busara yao. Wanawake wawili wa nyumba ile, Burmakan na mama mkwe wake Sairakan, wakatazamana, maana jina lile lilikuwa mwiko kwa wote wawili.

"Haya, wao wana jina lao," akasema Sairakan. "Sisi tutamwita Kenje."

Kenje ni kitinda mimba. Kwa jina hilo akaitwa kula, akaitwa kutoka mtoni, akaitwa kufukuzia ng'ombe ndani, na akaota ndevu nalo. Jina la karatasini lilibaki la babu, la baba na la mwalimu wa shule. Babu akafa, baba akafuata, na dada zake wawili wakaolewa mbali, upande wa pili wa milima. Wakabaki wanawake wawili na jina ambalo hakuna hata mmoja wao aliyeweza kulitia kinywani.

Kenje alipofika miaka ishirini na mmoja alikwenda Urusi kujenga, kama walivyokwenda vijana wote wa wilaya yetu ya At-Bashy, na kwa miaka mitatu alipiga simu kila baada ya siku kumi. Kisha, Nooruz ya mwaka ule, sikukuu yetu ya mwaka mpya mwezi wa tatu, aliwapongeza kwa sikukuu, akauliza kama ndama amezaliwa, akakata. Hakupiga tena. Namba ikawa haipatikani mwezi, miezi miwili, miezi sita. Burmakan akawa anaishi roho juu. Alikonda mpaka pete ikamtoka kidoleni akiwa anakama ng'ombe, akaikuta kwenye ndoo.

Katika wilaya nzima mama huyu alijulikana kwa jambo moja, kiyiz. Ni ile sufu inayochapwa kwa fimbo, ikamwagiwa maji moto, ikaviringishwa, ikakanyagwa, na mwisho ikakandwa kwa vigasha mpaka nyuzi zishikane ziwe kitu kimoja. Kiyiz ya Burmakan ungeweza kuimwagia bakuli la chai na chai ikakaa juu yake kama imemwagwa mezani. Ngozi ya vigasha vyake ilikuwa ngumu kama ya kisigino. Wakwe waliokuja kuposa walikuwa wakiikunja kiyiz ya nyumba kuona ugumu wake kabla hata ya kumtazama binti, na binti zake wote wawili walichukuliwa haraka.

Ndiyo maana Anarkul alimfuata. Anarkul alikuwa mkuu wa Saparlash, shirika dogo lililosaidia familia za walioko Urusi. Kila Ijumaa walikuwa na nusu saa katika kituo kimoja cha redio cha mjini. Humo mama aliita mwana na mke aliita mume, na kule Urusi mabweni mazima yalikusanyika kwenye simu moja kusikiliza. Mwezi wa nane kituo kikawaondoa ili kipate nafasi ya salamu za harusi, ambazo zina wenyewe wa kuzilipia. Anarkul alilia siku moja. Siku ya pili akaamua Saparlash ijenge studio yake yenyewe, ndani ya jengo lake yenyewe, kisha irushe vipindi kupitia mtandao, na atakayechukia achukie.

"Dada Burmakan," alisema, akiwa amekaa juu ya tandiko na bakuli la chai mkononi, "nataka univishie ukuta kwa kiyiz. Na nimekuletea habari. Dereva mmoja amenipigia. Kikosi alichoondoka nacho Kenje kipo mji wa Surgut, huko huko Urusi. Wamo bweni moja, watu hamsini, wa kwetu watupu."

Burmakan alishika ukingo wa meza. "Amemwona?"

"Yeye hakuingia ndani. Ila sikiliza. Mwisho wa mwezi wa kumi baridi inakamata, saruji haishiki tena, na bweni linafungwa. Watatawanyika kama mbegu. Studio ikiwahi, sauti ya kwanza itakuwa yako."

Wiki sita. Burmakan hakuuliza malipo wala kipimo. Alisimama, akafunga kitambaa kichwani, akasema, "Twende nikauone huo ukuta."

Studio yenyewe ilikuwa jiko la chekechea ya zamani. Kuta zilikuwa za vigae vyeupe kutoka chini hadi juu, na dirisha lilitazama barabara ya malori yaendayo China. Ndani alisimama fundi mitambo, Ulukman, kijana aliyetoka mji mkuu, Bishkek, na viatu vyeupe, akavileta kwenye matope ya At-Bashy bila aibu. Alipiga kofi moja. Kofi likapiga ukuta, likarudi, likapiga ukuta mwingine, likarudi tena.

"Umesikia, mama? Mtu akisema neno moja humu, maikrofoni inanasa manne. Nataka chumba kinachomeza. Unasema, basi, neno limekwenda, halirudi."

"Wewe umeoa?" akauliza Burmakan.

"Bado."

"Ukioa utakipata chumba cha namna hiyo. Utasema, hutajibiwa."

Huo ndio ulikuwa mzaha wake wa mwisho kwa muda mrefu. Aliwakusanya wanawake wanane, wakaichapa sufu uani kwake siku kumi na mbili mfululizo. Ulukman naye aliziba dirisha kwa magunia, akaweka kioo cha tabaka mbili kati ya chumba cha msemaji na stoo ya vyakula ya zamani, ambayo sasa ilikuwa chumba chake cha kompyuta, akapitisha waya sakafuni. Wanawake walikanyaga, wakamwaga maji, wakakanda. Burmakan alikanda kwa hasira mpaka vigasha vikachubuka, kwa kuwa alijua hii ndiyo kiyiz ya maisha yake. Ikatoka ngumu ajabu. Wanawake wenzake waliigonga kwa vidole, wakatikisa vichwa kwa wivu. Ikapigiliwa misumari juu ya vigae, kuta zote nne, na Anarkul akaleta boorsok, yale maandazi yetu madogo, za moto kusherehekea.

Ulukman akaingia, akapiga kofi. Kofi likarudi.

Alipiga la pili, la tatu, akazunguka chumba. Kisha akajikuna shingo.

"Mama, kazi yako ni nzuri sana. Lakini ni ngumu mno. Sauti inaigonga inateleza. Ni kama ukuta mwingine umewekwa juu ya ukuta."

"Kiyiz ngumu ndiyo kiyiz."

"Kwa kulalia, sawa. Mimi nataka ile laini, nene, iliyovimba. Ile ambayo haijashikana vizuri."

Wanawake wakaangua kicheko. "Jamani! Burmakan anaombwa kiyiz mbovu!" akasema mmoja. "Miaka yote tunatafuta wa kuzinunua zetu, kumbe mnunuzi alikuwa Bishkek!"

Burmakan hakucheka. Alimkazia Ulukman macho. "Unataka nikutengenezee kiyiz mbovu?"

"Mbovu kabisa, mama. Samahani."

Zilibaki siku tisa, na sufu ilikuwa imekwisha. Kondoo walishanyolewa, na iliyobaki kijijini iliuzwa kwa wanunuzi wa vuli. Burmakan alikaa kwenye kizingiti cha studio ameshika tama, na kwa mara ya kwanza tangu Nooruz akalia mbele ya watu. Ujuzi wake wote, jasho lake lote, ndivyo vilivyokuwa vimemfungia mwanawe mlango. Wale wanawake walimwonea huruma, wakampigapiga mgongoni, kisha wakaenda kukama ng'ombe wao. Mzigo wa mwenzako ni kanda la usufi.

Ndipo akakumbuka kibanda cha nyuma ya nyumba. Kulikuwa na viringo saba vya kiyiz iliyoviringishwa, alivyovianza mwaka Kenje alipoondoka, kwa ajili ya nyumba yake atakapooa. Mama wa kwetu huvianza mapema, akaviacha nusu, vimekanyagwa lakini havijakandwa, kwa sababu ukandaji wa mwisho hufanywa wiki ya harusi, shangazi wote wakiwepo, kwa nyimbo na matusi ya utani. Vilikuwa vinene na laini, vimevimba. Mtu angeweza kuzamisha mkono humo mpaka kwenye kiwiko.

Alikuwa ameshatoa viringo vitatu uani pale Sairakan alipotoka na fimbo yake. Bibi huyu alikuwa na miaka themanini na mitano, na kilemba chake cheupe kilikuwa bado kimenyooka kuliko bendera.

"Wewe mkwe. Hizo ni za harusi."

"Najua, mama."

"Zikitoka nje kabla ya harusi ni nuksi."

"Harusi ya nani, mama? Bwana harusi yuko wapi? Nionyeshe alipo nizirudishe."

Sairakan alishusha fimbo. Akaketi juu ya kiringo cha nne na kukaa hapo muda mrefu, mpaka Burmakan akadhani amekataa. Kisha akainuka mwenyewe, akakisukuma kwa fimbo kuelekea mlangoni.

Ulukman aling'oa ile kiyiz ngumu, akatengeneza fremu za mbao, akaziacha kiganja kimoja mbali na ukuta, wakazivisha kiyiz za harusi. Siku ya Alhamisi, wiki ya mwisho ya mwezi wa kumi, akapiga kofi. Lilisikika kavu, dogo, likafa hapo hapo mikononi mwake. Malori yalipita nje na hakuna aliyeyasikia. Burmakan akiwa amesimama katikati alisikia damu yake mwenyewe masikioni, akaogopa.

"Kesho ni kipindi cha kwanza, na Jumamosi bweni linafungwa," Anarkul alisema. "Tunarekodi sasa."

Wakamkalisha mbele ya maikrofoni. Akamwita Kenje. Akamwambia Kenje ndama alizaliwa, ni jike, ana baka jeupe puani. Akamwambia Kenje bibi yako yu hai, paa halivuji, Kenje wangu, Kenje, kama umekosa tumekusamehe, na kama hukukosa utusamehe sisi. Nyuma ya kioo Ulukman akashusha hedifoni.

"Mama, unaongea vizuri, lakini Kenje ni nani? Kila nyumba ina Kenje wake. Bweni lina watu hamsini. Taja jina lake."

Burmakan akajiziba mdomo kwa kiganja.

"Jina tu, mama. La kwenye pasipoti."

Anarkul, ambaye naye alikuwa mke wa watu, alielewa. Akamshika Ulukman bega. "Hawezi. Jina ni la mkwe. Nitalisoma mimi."

"Ukisoma wewe litakuwa tangazo," Ulukman alisema. "Watu wanasikiliza mama akiita. Wakisikia msomaji wanaenda kuweka chai jikoni. Dada, tuna siku moja!"

Ubishi ukawa mkali pale nyuma ya kioo, midomo inakwenda, na Burmakan hasikii kitu. Alizitazama kuta. Aliwaza kwamba chumba hiki amekivisha kwa mikono yake, na kwamba neno likitoka humu halirudi. Hata marehemu huenda wasingelisikia. Huo ulikuwa upumbavu, na alijua, kwa kuwa waya ulikuwa unakwenda dunia nzima. Lakini mfa maji haachi kutapatapa. Akajifunika uso kwa ncha ya kitambaa kama bibi harusi, akaisogelea maikrofoni.

"Toktosun," alisema.

Ilitoka kwa sauti ngeni, nene, kana kwamba mtu mwingine amelitumia koo lake. "Toktosun, mwana wa Jumash, wa At-Bashy. Mama yako anakuita. Rudi nyumbani." Hata mumewe akawa amemtaja. Akatoka nje, akatapika kando ya ukuta.

Kipindi kilitoa dakika mbili kwa kila mtu. Ulukman alikaa na kompyuta, akapunguza. Alibakisha ndama, akabakisha bibi, akabakisha jina kamili la mwana na la baba. Zile "Kenje, Kenje" zote akazikata, maana kwake zilikuwa zinapoteza muda na kuchanganya watu. Alikuwa kijana mwema, na alidhani anasaidia.

Ijumaa jirani mmoja alileta simu yake mpaka kwa Sairakan, bibi asikie. Bibi alisikia. Burmakan aliporudi alimkuta amejimiminia chai mwenyewe, jambo ambalo hakulifanya tangu siku alipopata mkwe.

"Umemwita aliyekufa," Sairakan alisema bila kumtazama. "Aliye hai umemwacha."

Baada ya hapo hakusema naye tena.

Jumamosi ikapita, na Jumapili. Simu ya Anarkul ililia mara nyingi. Wanawake walitaka nafasi, mabweni yalishukuru, kipindi kilikuwa kinasikika safi kuliko cha mjini. Kuhusu Toktosun, hakuna. Bweni la Surgut likafungwa. Theluji ya kwanza ikaanguka, ikayeyuka, ya pili ikakaa. Burmakan aliendelea kwenda studio kila siku kufagia na kushonea kingo za kiyiz, kwa sababu nyumbani hakukuwa na wa kuzungumza naye. Kila mama aliyeingia kuita wake, yeye alitoka nje, kusudi wivu usimfanye amwombee mabaya. Aliamini kwa dhati kwamba amemuua mwanawe kwa ulimi wake.

Mwezi wa kumi na mbili akaja mtu aitwaye Mukambet, wa bonde la jirani, aliyerudi kutoka Urusi. Anarkul alimwita aeleze maisha ya huko. Burmakan alikuwa pembeni na sindano, anashona kona iliyofumuka. Wakamwacha, maana chumba kile kilimeza hata sauti ya uzi. Mukambet alieleza baridi, alieleza wakubwa wa kazi, akafika kwenye ajali.

"Mwezi wa tatu, siku chache baada ya Nooruz, jukwaa liliporomoka. Tulikuwa na mchomeleaji mmoja, kijana wa huku huku, anaitwa Kenje..."

Sindano ikasimama.

"...akaanguka ghorofa ya nne. Amepona, ila miguu, basi tena. Simu aliiuza akatibiwa. Akatuapisha tusiseme kwao. Kuna fundi gari wa kwetu huko huko Urusi, mtu wa Osh, kamhifadhi kwenye chumba cha nyuma ya gereji, na Kenje anamrekebishia majenereta akiwa amekaa."

"Kenje wa nani?" Burmakan alisema, na hakuijua sauti yake.

"Wa nani sijui, mama. Kenje tu. Tukimwuliza jina hili lilikujaje, anasema ndivyo mama na bibi wanavyomwita, wengine wana haja gani na jingine."

"Na kipindi chetu? Mwezi wa kumi. Hamkusikia?" Anarkul alikuwa amesimama.

"Tulisikia! Bweni zima. Mama mmoja aliita Toktosun, mpaka wapishi walilia. Tukaulizana, Toktosun ni nani humu? Hakuna aliyemjua."

Nyuma ya kioo Ulukman aliweka uso wake mikononi.

Mukambet hakuwa na namba ya gereji. Alijua tu kwamba yule fundi wa Osh hufungulia kipindi cha Saparlash kila Ijumaa, sauti mpaka mwisho. Burmakan hakungoja kuambiwa. Alimwondoa mgeni kwenye kiti kwa mkono, akaketi yeye, sindano bado kidoleni.

"Kenje," alisema. "Ee Kenje! Kenje, njoo ndani, kumeingia baridi. Kenje wangu." Hakuwa na jingine. Alimwita hivyo hivyo, kama anavyoitwa mtu aliye mtoni, mpaka pumzi ikamwishia, na Ulukman hakukata hata pumzi.

Kipindi kilirushwa Ijumaa, na Jumapili mchana simu ililia ofisini Saparlash, namba ya ugenini. Anarkul alikimbia nayo kwenye theluji mpaka kwa Burmakan, bila koti.

"Mama," sauti ilisema.

"Kenje."

"Ni wewe kweli. Mwezi wa kumi niliisikia sauti yako kwenye gereji, nikataka kuruka. Halafu sauti ikageuka, yule mama akalitamka jina. Nikasema huyu si wangu, ni msomaji tu kapewa karatasi. Mama yangu hawezi kulitamka jina lile hata akichomwa moto." Akashusha sauti. "Mama, miguu yangu haifanyi kazi. Nitarudi kufanya nini? Nitakuwa mzigo."

"Mimi nimekuuliza habari za miguu?" Burmakan alifoka, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni. "Nimekuuliza miguu mimi? Nimekuambia njoo ndani!"

Kutoka kwenye tandiko la ndani Sairakan alinyoosha mkono wake mkavu. "Nipe na mimi hiyo simu, mkwe," alisema.

Jioni ile Burmakan alikwenda studio na nyundo. Aling'oa misumari ya fremu ya kona ya kushoto, akashusha kiyiz moja, iliyo nene kuliko zote, kwa sababu mtu asiyeweza kugeuka kitandani anahitaji kitu laini chini ya mgongo. Ulukman alimshikia ngazi. Kona ile ilibaki na vigae vitupu mpaka kondoo waliponyolewa, na vipindi vya majira yale ya baridi, ukisikiliza vizuri, vina mwangwi kidogo upande mmoja.